Kalamu Iliyolala Miaka Kumi: Kujiandaa na Insha kwa Wanaosoma QT na Wanaorisiti

"Mwalimu, mimi Kiswahili sina shida nacho. Nisaidie hesabu na Kiingereza."

Maneno haya niliambiwa na mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, jioni yake ya kwanza darasani. Nikamwomba, "Mama, niandikie basi ukurasa mmoja tu kuhusu kazi yako." Baada ya dakika ishirini alikuwa na mistari sita, anakunja na kukunjua vidole kwa maumivu, na mstari wa kwanza ulisomeka hivi: "Mimi naendaga mwaloni asubui kununua dagaa hizi kwasababu zina samani."

Mama huyu anaongea Kiswahili kutwa nzima. Anapatana nacho bei, anagombana nacho na wenye maroli, anawaombea nacho wanawe usiku. Ila ndani ya mstari ule mmoja mna makosa yasiyopungua matano, na kila moja lina alama yake. Tangu alipotoka darasa la saba hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Wengi wanaokuja kwangu wako hivyo hivyo: bodaboda wa Buzuruga, mafundi wa Mabatini, mabinti wanaouza duka Makoroboi, wavuvi wanaovuka kutoka Ukerewe. Kiswahili wanadhani wanakijua, kwa hiyo hawakisomi, na matokeo ya Januari huwashangaza.

Mwongozo huu ni wa upande wa kuandika tu: insha, barua na tungo nyingine za kwenye karatasi ya Kiswahili.

Kwanza, jua unafanya mtihani upi

Kama hukupita Upimaji wa Taifa wa Kidato cha Pili, au hukufika sekondari kabisa, unaanza na Mtihani wa Maarifa, ambao wote tunauita QT. Ukiufaulu ndipo unaruhusiwa kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama kidato cha nne ulishafanya na unataka kusafisha vyeti, wewe unarisiti, huhitaji QT. Mitihani yote miwili hufanyika Novemba, ila usajili wake hufunguliwa mapema sana, Januari, kupitia kituo cha mtihani utakachochagua. Ukichelewa unalipa na faini, na ukichelewa zaidi unasubiri mwaka mwingine. Kila mwaka namwona mtu aliyesoma vizuri, ila alifika kituoni Aprili akiwa na pesa mkononi. Inauma kumwambia arudi nyumbani.

Neno moja kwa mabinti walioacha shule kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi shuleni, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa kusoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Usimruhusu mtu yeyote akuambie mlango umefungwa.

Pili, kusanya karatasi zako

Unahitaji vitu vitatu, na vyote hutolewa na Baraza la Mitihani, yaani NECTA, kwenye tovuti yake.

Kimoja ni fomati ya mtihani wako, inayoonyesha sehemu za karatasi na mgao wa alama. Fomati hubadilika, kwa hiyo usitegemee ya kaka yako aliyemaliza zamani. Cha pili ni mitihani ya miaka ya nyuma.

Cha tatu wengi hawakijui, na mimi nakithamini kuliko hivyo viwili: taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Baada ya mtihani NECTA huandika, somo kwa somo na swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi na walipatia wapi, na hubandika picha za majibu yenyewe kwa mwandiko wa waliofanya. Ya Kiswahili imeandikwa kwa Kiswahili. Utaona jibu lililopata alama nyingi na jibu lililopata sifuri, na utasoma sababu. Ni kama kukaa nyuma ya msahihishaji ukichungulia begani kwake.

Kama huna bando la kutosha, changeni wawili watatu mkapakue steshenari na kutoa kopi. Maktaba ya Mkoa hapa mjini nayo ni mahali pazuri pa kukaa kimya, hasa kama nyumbani mnalala watu sita chumba kimoja.

Tatu, rudisha mkono

Karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne ni saa 3 na alama 100. Mkono usiozoea kalamu huchoka kabla hata ya saa ya kwanza kuisha, na mkono ukichoka, mwandiko unavurugika na mawazo yanakatika.

Nunua kaunta buku moja ya kazi hii tu. Kwa mwezi wa kwanza usijali kuandika vizuri. Andika nusu ukurasa kila siku, kwa mkono, kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi kama utakayotumia Novemba. Andika ulichokiona siku hiyo: abiria aliyekataa kulipa nauli, mvua iliyowakuta mnaanika, mtoto aliyekataa uji. Mwezi wa pili fanya ukurasa mzima. Simu weka mbali, kwa sababu simu ndiyo iliyotufundisha "cjui", "xaxa" na "nmefka", na vidole vilivyozoea hivyo huviandika hata kwenye mtihani bila mwenyewe kujua.

Wenye kazi za usiku huniuliza wasome saa ngapi. Kijana mmoja wa kambi ya dagaa alinifundisha jibu. Wao huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, basi kambi hupumzika siku kadhaa. Yeye aliweka ratiba yake kwa mwezi. Usiku wa giza alisoma kurasa mbili tatu tu kabla ya kushusha mtumbwi. Mbalamwezi ikija, alivuka kwenda mjini na kaunta buku yake, akaandika insha mbili kwa siku. Ratiba za kwenye vitabu, zile za saa mbili kila jioni, zimetungwa kwa ajili ya watu wenye jioni. Itafute mbalamwezi yako. Dereva wa bodaboda anayo ile ya mchana watu wakiwa kazini, na mama ntilie anayo baada ya kuosha masufuria.

Nne, vua Kiswahili cha mwaloni mlangoni

Hapa ndipo alama nyingi za watu wa ziwani hupotea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kiswahili chetu cha Kanda ya Ziwa ni kitamu na sina aibu nacho. Ila msahihishaji anasahihisha Kiswahili sanifu, na huenda maisha yake yote hajawahi kufika Nyegezi. Kuna mambo matano ya kuyawinda kwenye kila ukurasa unaoandika.

La kwanza ni ile "-ga" yetu. Naendaga, nilikuwaga, tunalaga, anasemaga. Mdomoni iache iendelee. Kwenye karatasi, jambo la mazoea linabebwa na "hu-": huenda, husema, hulala. Ama useme "nilikuwa nikienda". Yule mama wa Mwaloni alikata "-ga" kumi na moja kwenye insha yake ya pili, akanionyesha kwa fahari kama mtu aliyeng'oa magugu shambani.

La pili ni R na L. Lugha zetu nyingi za huku hazitofautishi sauti hizi kama Kiswahili kinavyotofautisha, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Inabidi jicho lijue. Na herufi hii moja hubadili maana. Aliyeandika "nilinunua karamu ya bluu" amenunua sherehe. "Tulikutana mahari pazuri" imeingiza mambo ya posa. "Wananchi walikwenda kupiga kula" imewapeleka wapiga kura mezani. Tenga kurasa za mwisho za kaunta buku, na kila neno la R na L linalokusumbua liandike hapo, upande mmoja lililo sahihi, upande wa pili ulivyozoea kulitamka.

La tatu ni TH, DH na GH. Thamani ikigeuka samani, imekuwa meza na makabati. Dhana ikiwa zana, wazo limekuwa jembe. Fedha si "feza", na ghali si "gali". Ongeza na H inayodondoka: asubuhi, habari, hapana. Halafu kuna "ili" na "hili". Nilikwenda sokoni ili ninunue dagaa. Soko hili ni kubwa. Watu wazima kabisa hukosea hapo.

La nne ni upatanisho. Sisi husema "samaki hizi", "ng'ombe ile", "dagaa zimepanda bei". Viumbe vyenye uhai hufuata a- na wa-: samaki hawa, ng'ombe yule, dagaa wamepanda bei. Dagaa hata wakiwa wamekauka kwenye gunia bado ni hawa.

La tano ni kuunganisha na kutenganisha. Andika kwa sababu, kwa hiyo, kwa kuwa, kwa maneno mawili. Andika nimeshafika, hakufika, nilipofika, kwa neno moja. Wengi hufanya kinyume: "kwasababu" wanaifunga, "nime sha fika" wanaikata vipande.

Usijaribu kurekebisha yote kwa wiki moja. Chukua kosa moja kila wiki. Ukimaliza kuandika, soma mara moja ukitafuta "-ga" tu. Wiki ijayo soma ukitafuta R na L tu. Jicho linalotafuta kitu kimoja hukiona.

Tano, panga insha kabla ya kuandika

Swali likisema insha ya maneno 250 hadi 300, usianze kuandika hapo hapo. Tumia dakika tano. Pigia mstari maneno yanayokuambia cha kufanya: eleza, jadili, simulia. Aliyeombwa ajadili akasimulia hadithi ya mjomba wake, hata ikiwa hadithi nzuri, hajajibu. Kisha andika pembeni hoja tatu au nne, kila moja kwa maneno machache. Insha ina kichwa chake, utangulizi, kiini na hitimisho. Kila hoja ya kiini iwe na aya yake.

Tatizo kubwa ninaloliona ni aya tupu. Tazama hii, juu ya faida za uvuvi:

"Uvuvi una faida nyingi sana. Uvuvi unaleta kipato. Pia uvuvi ni muhimu kwa jamii kwa sababu unawafaidisha watu wengi na kuleta maendeleo."

Sentensi tatu zimesema kitu kimoja mara tatu. Nilimwambia aliyeiandika, "Mama, funga daftari. Nieleze dagaa wanakupaje ada ya shule." Akaeleza. Nikamwambia, "Sasa andika hayo hayo." Akarudi na hii:

"Uvuvi humpa kipato hata mtu mwenye mtaji mdogo. Mwanamke mwenye pesa ya ndoo mbili za dagaa wabichi anaweza kuwanunua alfajiri, akawaanika juu ya nyavu kutwa nzima akiwageuza, na jioni akawauza wakiwa wakavu kwa bei ya juu kuliko ya asubuhi. Faida hiyo humlipia mtoto daftari na sare. Hivyo, uvuvi humlisha hata asiyewahi kupanda mtumbwi."

Ona mwendo wake. Sentensi ya kwanza imetaja hoja. Zinazofuata zimeonyesha mtu, mahali na saa. Ya mwisho imeirudisha hoja kwenye swali. Ukiweza kuandika aya moja ya namna hii unaweza kuandika nne, na hiyo ndiyo insha.

Mifano usiitafute mbali. Mada zinazojirudia kwenye mitihani ni mazingira, ajira kwa vijana, elimu, afya, usafiri, rushwa. Mtu wa huku ana gugumaji ziwani, uvuvi wa nyavu haramu, nyumba zilizojengwa juu ya miamba. Akiulizwa faida za miundombinu analo daraja la Kigongo hadi Busisi, la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, na anakumbuka foleni za kusubiri kivuko kabla ya hapo. Mfano uliouishi huja na maneno yake wenyewe. Ila tarehe au kipimo usichokijua vizuri usikibuni. Andika "miaka ya karibuni" uendelee.

Kuhesabu maneno nako kuna njia ya mkato. Hesabu maneno ya mistari mitano ya mwandiko wako upate wastani. Kama ni maneno 9 kwa mstari, mistari 28 inakupa 252. Jua namba yako kabla ya Novemba.

Sita, maumbo ya barua na wenzake

Hizi ni alama za bure, kwa sababu umbo halibadiliki, unalikariri tu.

Barua rasmi ina anwani mbili. Yako juu kulia, tarehe chini yake; ya unayemwandikia kushoto, ikianza na cheo chake. Halafu "Ndugu,", kisha kichwa cha barua kwa herufi kubwa, mfano YAH: MAOMBI YA KAZI YA UKARANI. Unaingia kwenye jambo moja kwa moja, bila kuuliza hali ya familia. Mwisho "Wako mtiifu,", sahihi, jina. Barua ya kirafiki ina anwani moja tu, yako. Haina kichwa wala sahihi, na humo ndimo salamu zinapokaa.

Swali mara nyingi hukupa jina na anwani ya kutumia. Tumia hizo hizo. Ukiandika jina lako halisi umepoteza alama na umejitambulisha kwa msahihishaji, jambo lisilotakiwa.

Risala na hotuba watu huchanganya. Risala husomwa na mwakilishi wa kundi mbele ya kiongozi au mgeni, ikieleza mafanikio, shida na maombi. Hotuba hutolewa na msemaji mwenyewe kwa hadhira yake. Kumbukumbu za mkutano wanakikundi mnazijua kuliko walimu wengi: waliohudhuria, wasiohudhuria, ajenda, kufungua, yatokanayo, mengineyo, kufunga, sahihi za mwenyekiti na katibu. Kama uko kwenye kikoba, omba kuwa katibu mwaka huu. Utafanya mazoezi kila wiki bila kutenga saa hata moja.

Kwa wa kidato cha nne, maswali ya fasihi nayo ni insha. Soma vitabu vyenyewe, angalau viwili kwa kila utanzu, na kwa kila hoja kumbuka mhusika na tukio. Aliyesoma muhtasari peke yake hutambulika haraka.

Saba, andika kwa saa na upate wa kukusahihisha

Kuanzia Agosti, kila wiki fanya insha moja kwa dakika arobaini: tano za kupanga, thelathini za kuandika, tano za kusoma. Kuanzia Oktoba fanya karatasi nzima, saa 3 mfululizo, angalau mara tatu. Funga mlango, waombe jirani wakae na watoto.

Kisha mpe mtu asome. Mwalimu wa sekondari ya jirani, mwanao aliye kidato cha tatu, mwenzako wa darasa. Ndiyo, mwanao. Najua si rahisi kwa mzazi kukaa akisubiri mtoto amwekee vema na kosa. Yule mama wa dagaa alianza kwa kumficha binti yake daftari. Mwishoni walikuwa wakisahihishana mezani baada ya chakula, binti naye akipanda kwenye mitihani yake ya shule. Daraja C huanzia alama 45, B 65, A 75. Mwenye kufikia C kwa shida, akiondoa makosa matano niliyoyataja na akajaza aya zake, anaweza kabisa kuisogelea B.

Ukisikia kuna "pepa" inauzwa, ondoka hapo. Nyingi ni za uongo, na ikiwa ya kweli, matokeo yako yanaweza kufutwa na pesa ya mwaka mzima ikaenda na maji.

Siku yenyewe

Nenda kakione kituo siku moja kabla, ujue na nauli. Lala. Asubuhi fika mapema, na kalamu mbili, kitambulisho chako, bila simu.

Soma karatasi yote kabla ya kushika kalamu. Anza na swali unaloliweza vizuri zaidi ili mkono upate joto, ila insha usiiache iwe ya mwisho kabisa; inahitaji kichwa ambacho hakijachoka. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja uendelee. Ukikwama katikati ya aya, rudi kwenye zile hoja ulizoandika pembeni.

Dakika kumi za mwisho acha kuandika. Weka kidole chini ya kila mstari, usome kama unamsomea mtu. Tafuta "-ga". Tafuta kalamu zilizogeuka karamu. Angalia kama herufi kubwa zimekaa kwenye Mwanza, kwenye Ziwa Victoria na mwanzoni mwa kila sentensi. Halafu fungua kijitabu ukurasa kwa ukurasa, uhakikishe namba yako ya mtihani ipo kwenye kila mmoja, ukifunge, ukae mikono mezani mpaka msimamizi akifikie.